Maswali yenu kuhusu Utah Jazz: drafti, Ace Bailey na wakongwe walioonyeshwa mlango

Kiangazi hiki cha 2025, tangu drafti ya Juni ipite (pale timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), timu inayoulizwa sana na wasomaji wa safu hii ni Utah Jazz, kuliko hata mabingwa Oklahoma City. Sishangai. Jazz walimaliza msimu wa 2024-25 wakiwa mkiani mwa ligi nzima, ushindi 17 na vipigo 65, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya klabu. Kisha ndani ya wiki chache za Juni na Julai wakawaondoa wafungaji wao watatu wazoefu. Wengi wanaona fujo. Mimi naona timu iliyoacha kujidanganya baada ya miaka mitatu, ingawa yapo mambo yanayonikera, na nitayasema.

Walikuwa wa mwisho kabisa, mbona wamepewa chaguo la tano? Haki iko wapi? (Msomaji, Arusha)

Haki haipo, kuna bahati nasibu. Zamani timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Tangu 2019 timu tatu za mwisho zinalingana, asilimia 14 kila moja, na ile ya mkiani kabisa inaweza kuteremshwa hadi nafasi ya tano. Kinachosahaulika ni kwamba hiyo nafasi ya tano ndiyo iliyokuwa na uwezekano mkubwa kuliko nyingine zote kwa Jazz, karibu asilimia 48. Mei 12 kule Chicago ndicho kilichotokea. Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8 tu, wakajiondokea na Cooper Flagg, kijana aliyechaguliwa wa kwanza.

Kanuni ilibadilishwa ili timu zisifungwe kwa makusudi. Jazz hawakusikia. Machi ligi iliwatoza faini ya dola 100,000 kwa kumweka nje nyota wao Lauri Markkanen wakati alikuwa na uwezo wa kucheza. Kwa hiyo walilipa faini, wakapoteza mechi 65, na bado timu nne zikachagua kabla yao. Austin Ainge, rais mpya wa masuala ya kikapu aliyeteuliwa mwanzoni mwa Juni, alipotambulishwa alisema mambo hayo hayataonekana msimu ujao. Tutaona ikifika Februari.

Kaka, huyu Ace Bailey waliyemchagua wa tano alikataa kwenda kufanya majaribio kwa timu yoyote. Kwa nini umchukue kijana asiyekutaka? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu baada ya jina kusomwa, kutaka kwake hakuna uzito tena. Mkataba wa chaguo la raundi ya kwanza ni wa miaka minne: miwili ya kwanza ni ya uhakika, miwili inayofuata timu ndiyo inayoamua. Baada ya hapo timu bado ina haki ya kulingana na ofa yoyote atakayopewa kwingine. Nguvu pekee ya kijana iko kabla ya drafti, nayo ni kuzitia timu wasiwasi ili aangukie anakopataka. Kambi ya Bailey ilijaribu hivyo, hata miadi ya Philadelphia ikafutwa. Philadelphia waliokuwa na chaguo la tatu wakamchukua VJ Edgecombe, Charlotte wakamchukua Kon Knueppel, na Utah wakasema asante. Siku chache baadaye kijana akatua Salt Lake City, akavaa kofia, akatabasamu mbele ya kamera. Yakaisha.

Swali zito ni la uwanjani. Alipokuwa chuo cha Rutgers alifunga wastani wa pointi 17.6 na ribaundi 7.2, lakini timu ilimaliza na ushindi 15 na vipigo 17 ikiwa na yeye pamoja na Dylan Harper, aliyekuja kuwa chaguo la pili. Chuo kilimwandika futi 6 na inchi 10. Alipopimwa bila viatu akakutwa na 6 na 7 na nusu. Bado ni mrefu kwa mchezaji wa pembeni, na anajua kuutumia urefu wake. Mwangalie akipokea mpira kwenye kona ya eneo la mtupo huru: anaudundisha mara mbili, anasimama ghafla, anaruka na kutupa juu ya mkono wa beki kana kwamba hayupo. Mitupo hiyo migumu ndiyo sifa yake na ndiyo maradhi yake. Asisti zilikuwa kama moja kwa mechi, maana yake mpira ukifika kwake haurudi.

Mechi yake ya kwanza ya ligi ya kiangazi alikosa 10 kati ya mitupo 13 na kuishia na pointi 8, huku Edgecombe upande wa pili akifunga 28. Mitandao ikawaka moto. Sitamhukumu mtu wa miaka 18 kwa mechi ya Julai. Katika nafasi ya tano ningemchukua pia, bila kusita. Utah si Los Angeles. Nyota walio huru hawaji wenyewe kule milimani, kwa hiyo kipaji cha juu kikidondoka mpaka kwako huulizi kama kinakupenda.

Naomba unifafanulie kuhusu Collin Sexton, maana sijaelewa. Wametoa mfungaji na kuongeza chaguo la drafti juu yake, wakapewa Nurkić? (Msomaji, Mwanza)

Umeelewa vizuri tu. Sexton alitoka kufunga pointi 18.4 kwa mechi, akitia zaidi ya asilimia 40 ya mitupo ya pointi tatu. Akaenda Charlotte pamoja na chaguo la raundi ya pili la 2030, akaja Jusuf Nurkić, senta ambaye Charlotte wenyewe walikuwa wamempata Februari tu kutoka Phoenix. Mishahara yao inakaribiana, kama dola milioni 19 kila mmoja, na mikataba yote inakwisha 2026. Kwa hiyo hakuna fedha iliyookolewa.

Kilichookolewa ni dakika. Sexton akiwepo, vijana Keyonte George na Isaiah Collier wanakula benchi mwishoni mwa mechi, kwa kuwa kocha Will Hardy ni mtu wa kutaka kushinda na hawezi kumwacha nje anayefunga. Ukimwondolea kocha kishawishi, unapata matokeo unayoyataka bila kumwamuru. Jordan Clarkson vilevile: mkataba ukavunjwa kwa maelewano, akaenda New York Knicks. John Collins, pointi 19 kwa mechi, akapelekwa Clippers katika biashara ya timu tatu iliyowarudishia Jazz Kevin Love na Kyle Anderson pamoja na chaguo moja la raundi ya pili.

Mantiki naikubali. Bei ndiyo inayonikera. Sexton alikuwa na miaka 26. Mchezaji kama huyo hutoi chaguo ili achukuliwe, unapokea. Kama walitaka kumuuza, soko lake lilikuwa Februari, wakati timu zinazowania mchujo wa ubingwa zinahaha kutafuta mfungaji wa kutokea benchi. Waliisubiri thamani yake ishuke, kisha wakalipia usafiri.

Walter Clayton Jr. ana miaka 22. Timu inayojenga inamtaka mtu mzima wa nini? (Msomaji, Dodoma)

Nadhani walichoka kuwafundisha watoto kila kitu. Clayton ametoka kuwa bingwa wa vyuo na Florida, walipowafunga Houston 65-63 Aprili, na ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Nusu fainali dhidi ya Auburn alifunga 34. Utah walipanda kutoka nafasi ya 21 hadi ya 18 kwa kuwalipa Washington ili wampate. Anatupa kutoka mbali akiwa mbioni, jambo ambalo Collier haliwezi kabisa. Collier naye alivunja rekodi ya asisti ya mchezaji wa mwaka wa kwanza wa Jazz iliyokuwa ya John Stockton, kwa hiyo hao wawili wanakamilishana kuliko kugongana. Wa kuwa na wasiwasi ni George.

Markkanen auzwe au abaki? (Msomaji, Muscat)

Nilikuwa wa kundi la auzwe, tena mapema, 2023, alipotoka kufunga pointi 25.6 kwa mechi na kuchaguliwa nyota wa ligi. Leo ni vigumu zaidi. Agosti 2024 alisaini mkataba mpya unaofikia dola milioni 238 kwa miaka mitano. Alisaini tarehe 7, si tarehe 6, kwa sababu kanuni inazuia kumuuza aliyeongezewa mkataba wa aina hiyo kwa miezi sita, na mwisho wa biashara za msimu ulikuwa Februari 6. Siku moja tu, akajihakikishia msimu mzima wa kubaki Utah. Halafu akacheza mechi 47 na wastani ukashuka hadi 19.

Kumuuza sasa ni kuuza bidhaa siku ya mvua. Acheni acheze, apone, afunge 23 kwa mechi mpaka Januari, kisha simu zipokelewe. Wakipiga wanaotaka kumpata kwa chaguo mbili za mwishoni mwa raundi ya kwanza, simu ikatwe.

Nimesikia Jazz wana deni la chaguo kwa Oklahoma City. Ni kweli, na linabadilisha nini? (Msomaji, Kigali)

Kweli kabisa, na kwangu hili ndilo jambo kubwa la msimu ujao. Mwaka 2021, Jazz walipokuwa wanawania ubingwa na mishahara imewalemea, walimpeleka Derrick Favors kwa Oklahoma City ili wapunguze gharama, na wakaambatanisha chaguo la raundi ya kwanza la baadaye. Chaguo hilo lina kinga. Halikwenda 2024, halikwenda 2025. Mwaka 2026 likiangukia kati ya la kwanza na la nane, Utah wanabaki nalo na deni linafutwa moja kwa moja. Likiwa la tisa au zaidi, linakwenda kwa mabingwa, ambao hawahitaji msaada wa mtu.

Piga hesabu. Droo inapanga nafasi nne za kwanza tu, zinazobaki zinafuata rekodi, hivyo timu inaweza kushuka nafasi nne zaidi ya rekodi yake, basi. Aliye katika wanne wa mwisho hawezi kuteremka chini ya la nane. Aliye wa tano kutoka mwisho tayari yuko hatarini. Kwa hiyo Jazz wanahitaji kuwa miongoni mwa timu nne mbovu kabisa, na wakati huohuo rais wao ameahidi kutocheza michezo ya kuwapumzisha watu wazima. Njia pekee ya kutimiza yote mawili ni kuwa na kikosi kinachofungwa kikijitahidi. Sasa rudi kwenye jibu la Sexton, Collins na Clarkson, utaona kwa nini waliondoka wote kiangazi kimoja.

Tena mwaka huo wa drafti si wa kawaida. AJ Dybantsa anakwenda kucheza BYU, mwendo mfupi tu kutoka uwanja wa Jazz, chuo alichosoma mmiliki wa timu, Ryan Smith. Cameron Boozer anayekwenda Duke ni mtoto wa Carlos Boozer, aliyeichezea Jazz kuanzia 2004 hadi 2010. Na yupo Darryn Peterson wa Kansas, ambaye baadhi ya wasaka vipaji wanamweka mbele ya wote.

Hapa Lubumbashi tunamfuata mtoto wetu Oscar Tshiebwe. Atapata nafasi lini? (Msomaji, Lubumbashi)

Oscar amerudi kwa mkataba ule wa pande mbili, unaomruhusu kucheza Jazz na pia timu yao ndogo ya Salt Lake City Stars. Mkataba huo hauhesabiwi kati ya wachezaji 15 wa kikosi, unalipa kidogo, na haumruhusu kuzidisha mechi 50 za Jazz kwa msimu. Uwezo wake wa ribaundi haujadiliwi: akiwa Kentucky mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani akiokota 15.1 kwa mechi, na bado mwaka uliofuata hakuchaguliwa na timu hata moja kwenye drafti. Sababu ni kwamba ni mfupi kwa senta, hazuii mipira mingi, na hatupi kutoka mbali.

Njia yake ilikuwa inafunguka mpaka Nurkić alipoletwa. Sasa wako Walker Kessler, Nurkić, Kyle Filipowski na hata Love mbele yake. Kinachoweza kumsaidia ni Nurkić kuuzwa au kuachwa kabla ya Februari. Salt Lake City ina Wakongomani wengi waliohamia kama wakimbizi, kwa hiyo akiingia dakika mbili za mwisho, Kiswahili cha kumshangilia hakitakosekana jukwaani.

Kujenga upya huchukua miaka mingapi? (Msomaji, Mombasa)

Detroit walishinda 14 msimu wa 2023-24, wakafungwa mechi 28 mfululizo, na mwaka uliofuata wakashinda 44. Charlotte wanajenga tangu sijui lini. Jazz walimuuza Rudy Gobert na Donovan Mitchell 2022, halafu wakashinda 37, kisha 31: wabovu kiasi cha kukosa mchujo, wazuri kiasi cha kukosa chaguo la juu. Ndiyo maana nasema ujenzi wenyewe nauhesabu kuanzia msimu uliopita tu.

Namba ya chaguo nayo isiwatie kiwewe. Angalia nyota wakubwa wa Jazz: Stockton alikuwa chaguo la 16, Karl Malone wa 13, Mitchell wa 13, Gobert wa 27.

Kessler aongezewe mkataba sasa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ana hadi Oktoba kukubaliana nao, vinginevyo kiangazi cha 2026 anakuwa huru ila Jazz wana haki ya kulingana na ofa yoyote. Pointi 11, ribaundi 12, bloku zaidi ya mbili kwa mechi, na ana miaka 23 tu: mimi ningemlipa leo. Wao wanaonekana kutaka kusubiri ili wabaki na nafasi chini ya ukomo wa mishahara ambao ligi inaziwekea timu. Nikiwa wakala wake, ningekuwa nimeshaanza kuwapigia simu Lakers.