Vipimo viko safi lakini mwili unauma: yaliyonikuta mimi na kausha damu

Mkuu mleta mada, umeuliza inakuwaje kifua kinabana, tumbo linawaka moto na usingizi unakata saa nane usiku, wakati vipimo vya moyo na damu vimetoka safi. Ukauliza tena kama "mawazo tu" yanaweza kumfanya mtu hivyo, au umsikilize mama mkwe uende ukaangaliwe kwa mganga. Mimi si daktari. Nina miaka 43, nauza viatu vya mtumba hapa Mwanza. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Mwaka 2021 nilifungua mabalo mawili, yote yakatoka vibaya: viatu vya mguu mmoja, soli zimeachia. Nikaziba pengo kwa mkopo wa kausha damu, ule wa mitaani wenye riba ya kunyonga. Kisha nikachukua mwingine wa kulipia marejesho ya ule wa kwanza. Waliopita njia hiyo wanajua inakoishia. Katikati ya 2022 nilikuwa nadaiwa na watu wanne, marejesho kila Jumatatu, na afisa mikopo mmoja alikuwa akipiga kabla hata ya saa mbili asubuhi.

Nikawa naanza kutoka jasho Jumapili jioni. Simu naiweka kifudifudi mezani. Siku moja nimekaa kwenye daladala, simu ya abiria wa pembeni ikaita kwa mlio uleule wa yangu. Yangu nilikuwa nimeizima, iko mfukoni, na nalijua hilo. Lakini tumbo lilinishika palepale na viganja vikalowa chapachapa. Simu ni ya mtu, deni ni langu, na mwili haukungoja nifafanue.

Ukikimbizwa na mbwa, adrenalini, homoni ya mshtuko, inapanda, moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa miguuni, kazi ya tumbo inawekwa kando, sukari inamwagwa ili upate nguvu. Ni mpango mzuri sana, kwa sababu baada ya dakika kumi mbwa kaondoka na mambo yanarudi. Mimi mbwa wangu alikuja kila Jumatatu, na siku sita zilizobaki nilikuwa namsubiri. Hali ikienda hivyo miezi kwa miezi, homoni ya kotisoli inayopaswa kushuka usiku haishuki vizuri, usingizi unavurugika, kinga inayumba, presha inasukumwa juu.

Kuna mtafiti wa Kimarekani, Robert Sapolsky, aliyekaa miaka mingi huko Masai Mara, Kenya, akiwalaza nyani kwa sindano ili apime damu yao. Nyani wanatafuta chakula kwa saa chache tu wakashiba, muda uliobaki wanaoneana. Madume ya chini, yanayopigwa bila kosa, kotisoli yao ilikuwa juu. Ila dume lililokuwa na wenzake wa kukaa nao na kuchambuana manyoya lilikuwa na nafuu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimewakimbia watu wote, hadi shemeji yangu wa kijiweni.

Hospitali walinipima presha: 168/104. Nesi akaniambia nikae robo saa, nyayo chini, nisiongee. Akarudia: 152/96. Imeshuka, lakini bado iko juu ya 140/90, mpaka wa kuitwa presha ya juu. Nikaambiwa nirudi siku nyingine mbili, nayo haikuteremka. Yule nesi akaniuliza taratibu, "Kaka, unadaiwa?" Nikakataa. Nilimwongopea mtu aliyekuwa ameshaniona.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Wengi humu watakwambia vidonda vya tumbo ni mawazo. Nilipopimwa choo nikakutwa na bakteria wanaoitwa H. pylori, ambao ndio husababisha vidonda vingi vya tumbo. Daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 baada ya wenzake kumbishia, akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobeli. Mimi nilimeza dawa siku 14 na moto wa tumbo ukazimika. Kifua na usingizi vilibaki vilevile. Kwa hiyo kama hujapimwa hao wadudu, kapimwe, hata kama una mawazo ya kujaza gunia. Presha nilianzishiwa vidonge, nameza hadi leo.

Kwa upande wa mawazo nilianza na yasiyofaa. Bia mbili za kulalia zikawa nne, na usingizi wenyewe ukawa wa kukatika alfajiri. Nikaingia kubeti, mkeka ukichanika Jumamosi, Jumatatu inanikuta na deni la tano. Kila aliyeniambia "usiwaze" nilitamani kumkabidhi simu yangu apokee yeye.

Kilichonigeuza ni mke wangu kukuta ujumbe wa madai. Tulikaa, akachukua daftari la shule la mtoto, akaandika wadai wote mmoja mmoja. Jumla ikatoka 4,310,000. Kichwani nilikuwa nahesabu kama milioni tatu na nusu. Ni nyingi kuliko nilivyodhani, na usiku ule nililala hadi adhana. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Asubuhi nikauza pikipiki, nikawafuata wadai kabla hawajanipigia. Wawili walikubali nilipe kwa mwezi. Mmoja alikataa, akaja kubeba friji mbele ya majirani.

Mengine ni madogo: narudi nyumbani kwa miguu, na kifua kikianza napumua nikitoa pumzi polepole kuliko ninavyovuta. Yanasaidia, lakini yasingesaidia kama daftari lisingeandikwa.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Watu wa kabila la Shona huko Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na tangu 2006 mjini Harare kuna mabibi waliofundishwa, wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Wanasikiliza, halafu mnachagua tatizo moja la kuanza nalo. Mama mkwe wako anaweza kuwa bibi huyo akiambiwa ukweli, ila hujasema popote kama kuna mtu nyumbani anayejua kinachokusumbua.

Na maumivu ya kifua yakija ukiwa unapanda ngazi, yakashuka mkono au kupanda taya, jasho la baridi likatoka, au ukipata choo cheusi kama lami, usije kuandika hapa. Wahi hospitali.

Presha yangu wiki iliyopita ilikuwa 128/82. Friji bado hatujanunua, maji ya baridi tunaomba kwa jirani.