Maswali na Majibu: Mama Mweusi wa Aparecida

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache Aparecida, mji mdogo wa jimbo la São Paulo nchini Brazili, uliozaliwa kwa sababu ya sanamu ya Bikira Maria iliyovuliwa mtoni. Barua zimemiminika. Tumechagua hizi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Parokiani kwetu kuna picha ya Mama wa Aparecida, na watoto wa mafundisho wanauliza kwa nini ni mweusi. Je, aliyeitengeneza alikusudia kumwonyesha Mama kama Mwafrika?

JIBU: Milele amina. Hapana. Sanamu yenyewe ni ya udongo uliofinyangwa na kuchomwa, kimo chake kama sentimita 36 na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Udongo wake ni wa sehemu za São Paulo, na wataalamu wengi wanaihesabu kuwa kazi ya Agostinho de Jesus, mmonaki Mbenedikto wa karne ya 17. Ni Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kama Wareno walivyozoea kumwonyesha: mikono imefumbatwa kifuani, mwezi mwandamo chini ya miguu, na kichwa cha malaika hapo chini. Sanamu za namna hiyo zilipakwa rangi zikishatoka tanuruni, uso na mikono vikapewa rangi ya ngozi, tena ngozi ya Mzungu.

Mtoni rangi ilibanduka, ukabaki udongo mtupu wa kahawia. Kisha sanamu ikakaa miaka mingi katika nyumba za watu wa kawaida, mbele ya mishumaa na vibatari, na udongo usiopakwa kitu hunywa moshi. Kwa hiyo waambieni watoto: ni udongo, maji na moshi. Waambieni pia kwamba wachapaji wa picha za bei rahisi huizidishia weusi hadi ikawa kama makaa, ilhali sanamu yenyewe ina rangi ya mdalasini iliyokolea.

Ila msiishie kwenye kemia. Brazili ndiyo nchi iliyopokea Waafrika wengi kuliko nyingine yoyote katika biashara ya utumwa ya Atlantiki, zaidi ya milioni 4, na ndiyo ya mwisho katika mabara ya Amerika kufuta utumwa. Katika nchi kama hiyo, Mama mwenye sura nyeusi akikaa altareni hawezi kuwa suala la moshi tu. Moshi ulileta rangi. Maana waliileta waliopiga magoti mbele yake.

SWALI: Katekista wetu anasema kisa cha wavuvi ni kweli neno kwa neno. Mwalimu wa historia anasema ni hekaya. Tumsikilize nani?

JIBU: Kila mmoja ana lake, kwa kuwa kisa kina tabaka.

Tabaka la chini ni gumu kama mwamba. Oktoba 1717, Dom Pedro de Almeida, mkabaila mwenye cheo cha Conde wa Assumar na gavana mpya wa São Paulo na Minas Gerais, alipita mji wa Guaratinguetá akielekea kwenye machimbo ya dhahabu. Baraza la mji lilipaswa kumlisha yeye na msafara wake, na wavuvi wakaamriwa walete samaki.

Tabaka la pili liko katika kumbukumbu za kanisa zilizoandikwa katikati ya karne ya 18, yaani miaka 30 au 40 baadaye. Humo wavuvi watatu wanatajwa kwa majina: Domingos Garcia, João Alves na Filipe Pedroso. Walitupa nyavu katika mto Paraíba do Sul bila kupata kitu. Walipofika bandari ya Itaguaçu, wavu wa João Alves ukatoa kiwiliwili kisicho na kichwa. Alipotupa tena mbele kidogo, kikaja kichwa. Baada ya hapo samaki wakawa wengi hata wakaogopa mtumbwi usizame. Huo ni ushuhuda uliopokelewa kwa mdomo na kuandikwa wangali hai watu waliowajua wavuvi. Katekista ana haki ya kuuheshimu, na mwalimu ana haki ya kuuliza ulipita vinywa vingapi.

Tabaka la juu ni vumbi la baadaye, na hapo ndipo wengi huteleza. Tarehe 12 Oktoba, ambayo leo ni sikukuu yake, si siku sanamu ilipovuliwa. Sikukuu ilihamahama kabla ya kutulia hapo katikati ya karne ya 20. Kosa la pili ni kuandika kwamba mji ulianzishwa 1717. Mwaka huo hapakuwa na mji. Filipe Pedroso aliiweka sanamu nyumbani kwake kama miaka 15, akampa mwanawe Atanásio, naye akaitengenezea altare ndogo ambapo majirani walikusanyika Jumamosi kusali rozari na kuimba. Watu walipozidi, paroko wa Guaratinguetá, padre José Alves Vilela, aliomba kibali cha askofu akajenga kikanisa juu ya kilima cha Coqueiros. Kilifunguliwa tarehe 26 Julai 1745, sikukuu ya Mtakatifu Ana. Mahujaji walihitaji pa kulala na pa kula, nyumba zikaota kukizunguka, lakini kiserikali pakaendelea kuwa chini ya Guaratinguetá mpaka tarehe 17 Desemba 1928. Basi kutoka kikanisa hadi mji wenye halmashauri yake ni miaka 183. Hata leo wakazi ni zaidi kidogo ya 30,000, huku mahujaji wa mwaka wakihesabiwa kwa mamilioni.

SWALI: Nimesoma juu ya mtumwa Zacarias aliyefunguliwa minyororo. Ndugu mwandishi, nitamke wazi: si kisa cha kuwapoza watumwa wasiasi?

JIBU: Swali zuri, na halijibiwi kwa ndiyo au hapana.

Kisa ni hiki. Zacarias alikuwa mtoro aliyekamatwa, anarudishwa kwa bwana wake akiwa na minyororo. Walipopita mbele ya kanisa alimwomba mnyapara amruhusu asali. Akapiga magoti, minyororo ikafunguka ikaanguka chini. Ni mapokeo ya mdomo, na kwa kawaida yanawekwa miaka ya katikati ya karne ya 19. Angalieni nani anatendewa muujiza: si bwana anayeombea mavuno, ni mtoro. Kisa cha kuwapoza watu hakimchagui mtoro. Wavuvi ndio waliolipatia kanisa mahali. Zacarias ndiye aliyewaambia weusi kwamba mahali hapo ni pao pia.

Upande wa pili ni mchungu. Kikanisa hichohicho kiliwahi kumiliki watumwa, kama taasisi nyingi za Kanisa nchini humo enzi zile. Waumini nao waligawanywa kwa rangi hata katika sala: weusi walikuwa na vyama vyao vya kidugu, hasa vya Mama wa Rozari na vya Mtakatifu Benedikto Mwafrika, vyenye altare zao, hazina yao na mazishi yao. Ubaguzi ndio uliowatenga, lakini hazina hizo wakati mwingine zilimnunulia mwanachama uhuru wake. Kwa hiyo kilichokuwa uzio kilitumika pia kama mlango.

Binti Mfalme Isabel wa Brazili, aliyetia sahihi sheria ya kufuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ndiye pia aliyetoa taji la dhahabu ambalo sanamu ilivikwa rasmi tarehe 8 Septemba 1904. Kwa maoni yetu taji na joho la buluu vimemtukuza Mama na kumficha kwa pamoja, maana sehemu kubwa ya ule udongo haionekani tena. Anayetaka kuona ibada ya weusi wa Brazili katika mji huo asingoje Oktoba peke yake. Aende baada ya Pasaka, kwenye sherehe za Mtakatifu Benedikto, vikundi vya wachezaji viitwavyo congada na moçambique vinapoingia na ngoma zao.

SWALI: Sanamu yangu ya plasta imevunjika shingo, kama ile ya Aparecida. Niitupe?

JIBU: Usiitupe jalalani. Sheria ya Kanisa, kanuni 1171, inadai vitu vilivyobarikiwa vitunzwe kwa heshima hata vikiwa mali ya mtu binafsi.

Shingo huvunjika kwa kuwa ndipo pembamba na ndipo panapobeba kichwa. Ukiongeza taji, umeongeza mzigo. Kichwa cha sanamu ya Aparecida kiliunganishwa kwa nta mwanzoni, na kimebanduka zaidi ya mara moja.

Kusanya vipande vyote, hata vya ukubwa wa punje. Safisha kwa brashi laini kavu, si kwa maji, kwani plasta hunywa maji na kulegea. Jaribu kuvipanga bila gundi kwanza, ujue kipi kinatangulia, la sivyo kipande cha mwisho hakitaingia. Tumia gundi nyeupe ya mbao, utando mwembamba pande zote mbili. Gundi ile inayoshika papo hapo iache: ukikosea mshazari hupati nafasi ya kurekebisha. Simika kiwiliwili ndani ya ndoo ya mchanga, ukiinamishe kiasi kwamba kichwa kikae kwa uzito wake chenyewe bila kuteleza, uache saa 24. Mianya ijaze kwa uji mzito wa plasta, ukikauka upige msasa laini, halafu rangi. Kisha mpelekee padre aibariki tena.

Usikate tamaa mapema. Tarehe 16 Mei 1978 mtu aliinyakua sanamu ya Aparecida kutoka mahali pake, ikaanguka na kuvunjika vipande zaidi ya 100. Maria Helena Chartuni wa jumba la makumbusho la MASP, São Paulo, aliiunganisha kwa siku 33.

Ikiwa haiponyeki, ipondeponde hadi isiwe na umbo, uizike mahali safi pasipokanyagwa. Ya mbao ichome na uzike majivu. Zamani wengine walizizamisha majini, na wengi wanaeleza kwamba ndivyo ile ya Aparecida ilivyofika mtoni. Siku hizi usifanye hivyo: rangi za viwandani ni sumu kwa samaki.

SWALI: Novena (sala ya siku tisa) ya Mama wa Aparecida inaanza lini? Nimeambiwa ukikosa siku moja unaanza upya.

JIBU: Inaanza tarehe 3 Oktoba na kumalizika tarehe 11, tarehe 12 ni sikukuu yenyewe. Ukikosa siku, endelea na wenzako siku inayofuata. Hakuna sheria ya kuanza upya, na anayekutisha hivyo anakuuzia ushirikina. Nje ya Brazili siku hiyo si sherehe ya lazima, kwa hiyo ikiangukia Dominika, Misa ni ya Dominika. Ikiwa ni siku ya kawaida ya juma isiyo na kumbukumbu ya lazima, mwombeni paroko Misa ya heshima ya Bikira Maria.