Maswali ya Wasomaji: Skii ya theluji laini, na buti za Memorial

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dada wa miaka 27, nyumbani ni Shanty Town, Moshi. Nasoma Innsbruck, Austria, na Desemba narudi huko. Msimu uliopita niliteleza siku kama 20 kwa skii (zile mbao ndefu za kutelezea thelujini) za kukodi, za sentimita 150. Kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine sina shida, lakini theluji mpya ikianguka nazama na mapaja yanawaka moto. Nataka kununua pea moja tu, itakayonifaa popote mlimani. Dukani kuna za kiuno cha milimita 82, 94 na 106. Nina kilo 62 na urefu wa sentimita 165. Nichukue zipi?

JIBU: Dada, chukua za 94, zenye urefu wa sentimita 162 hadi 166.

Kiuno ni upana wa skii pale chini ya buti, na ndicho hasa kinachoamua kama utaelea au utazama. Ni kama gari kwenye mchanga: tairi jembamba linachimba, pana linapita juu. Theluji mpya ikifika sentimita 20, skii ya 82 huingiza ncha chini. Wewe, ili uinyanyue, unaegemea nyuma, na hapo uzito wote unabebwa na mapaja. Ndio huo moto. Miguu yako haina tatizo; yaelekea ulikuwa juu ya skii nyembamba, na fupi mno kwa mtu wa kimo chako.

Basi kwa nini tusikuambie uchukue za 106? Kwa sababu siku za theluji mpya ni chache kuliko siku nyingine. Innsbruck kuna ule upepo wa joto, föhn, unaolowesha theluji, kisha usiku inaganda. Asubuhi yake unahitaji skii inayolala upande haraka na kung'ata kwa ukingo wa chuma. Ile pana sana inachelewa kulala, na goti ndilo linaloumia. Ungekuwa unaishi Hokkaido, Japani, ambako theluji kavu humwagika karibu kila siku katikati ya msimu, tungejibu vingine.

Upana peke yake hautoshi, tazama na umbo. Chukua skii zote mbili, zigusanishe soli kwa soli, uziinue kwenye mwanga. Katikati uone uwazi mdogo unaojifunga ukizibana kwa mkono: huo mbinuko ndio unaokupa mshiko kwenye sehemu ngumu. Sasa fuata mwanga kuelekea mbele. Kuna mahali skii zinaanza kuachana kabla ya kufika nchani. Zikianza kuachana mapema, ncha imeinuliwa kwa urefu wa kutosha na itapanda juu ya theluji laini yenyewe. Zikigusana hadi karibu na mwisho kabisa, hiyo ni skii ya njia zilizosawazishwa, hata muuzaji akisemaje. Mkia uinuke kidogo tu. Na kwa kuwa ncha iliyoinuliwa haigusi sehemu ngumu, skii ya 164 huko utaiona fupi kuliko namba yake, kwa hiyo usiogope kuachana na 150.

Kuhusu neno "ya wanawake": si rangi tu, ingawa wapo wanaouza rangi. Skii iliyoundwa hivyo kweli huwa na mbao nyepesi ndani, hujikunja kwa urahisi zaidi, na mara nyingi alama ya kufungia buti imesogezwa mbele kidogo. Kwa kilo 62 inakufaa. Bamba la chuma ndani huongeza utulivu kwenye mwendo, lakini huongeza na uzito. Kwa siku 20 za uzoefu, chagua isiyo na chuma au yenye kipande chembamba tu. Skii moja ikiwa na gramu 1,500 hadi 1,700, uko pazuri. Nusu kipenyo cha mzunguko, yaani ukubwa wa kona ambayo skii hukata yenyewe, kimeandikwa juu ya skii; kiwe mita 14 hadi 16.

Vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye skii na kuliachia ukianguka, vyenye mizani ya kuachia ya 3 hadi 10 au 11 vinakutosha. Breki zake ziwe pana kuliko kiuno, lakini zisizidi kwa zaidi ya milimita 15, la sivyo zinakwaruza theluji ukilala upande. Kiwango cha kuachia kinapangwa na fundi wa duka kwa uzito, urefu, umri, uwezo wako na urefu wa soli ya buti. Usiguse bisibisi. Kikikazwa mno, ukianguka buti halitoki, na kano za goti ndizo zinazokatika.

Bado unatumia buti za kukodi? Basi nunua buti kwanza, skii baadaye. Saizi ni urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa 24.5, buti 24.5. Toa buti laini la ndani, ingiza mguu mtupu kwenye ganda gumu la nje mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2, isizidi. Soksi moja, nyembamba. Anayevaa mbili ili apate joto ndiye anayepata baridi, maana damu haipiti.

SWALI: Nimeona buti za skii kwenye mitumba pale soko la Memorial, Moshi, zinang'aa kama mpya. Dada yangu anahamia Kanada. Nimchukulie? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Usichukue, kaka. Plastiki ya buti hizo huzeeka hata zikikaa kabatini. Unyevu huila taratibu, na siku ya siku ganda hupasuka vipande mtu akiwa mteremkoni. Kung'aa hakukuambii umri. Skii za mtumba zenye vifungio vya zamani nazo ni hivyo hivyo: mafundi wengi huko watakataa kuvirekebisha. Mchukulie koti. Makoti ya skii ya Memorial ni mazuri kweli, ila kagua zipu na utepe wa ndani wa mishono. Ukibanduka, maji yanaingia.

SWALI: Je, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, panatelezeka kwa skii? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Imeshafanyika. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kileleni na kuteremka barafuni kwa skii. Lakini kufikia 2007, asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka ule wa 1912 ilikuwa imetoweka, na iliyobaki sehemu nyingi imesimama wima kama ukuta. Theluji mpya ikianguka hulala juu ya changarawe na mawe ya volkano. Soli ya skii ni plastiki. Jiwe moja lenye ncha linaichana hadi kwenye mbao.