Maswali Yenu: Waliojiandikisha 60, Waliobaki 11

SWALI: Naratibu mafunzo ya wafanyakazi katika chuo kikuu. Warsha yetu ya kukabili msongo wa kazi ilikuwa ya siku nzima. Walijiandikisha 60, wakaja 25, na baada ya mapumziko ya kwanza wakabaki 11. Tunakosea wapi?

JIBU: Anzia kwenye kalenda. Mhadhiri aliyeacha rundo la vitabu vya majibu mezani hatulii kusikiliza habari za kupumzika. Kila slaidi ikipita anahesabu vilivyobaki. Epukeni mwanzo wa muhula, wiki za mitihani na za usahihishaji. Siku hiyo moja igawanyeni vipindi viwili vya dakika 90, vipishane wiki mbili, watu 15 hadi 20. Katikati hapo ndipo penye kazi: mshiriki anaondoka na jambo moja la kujaribu, tuseme kutofungua barua pepe za kazi baada ya saa 12 jioni, kisha anarudi kueleza lilikwama wapi.

Wiki tatu kabla, sambazeni hojaji fupi isiyo na majina. Msikose kuuliza: "Wiki iliyopita, ni kazi gani ilikula muda wako bila faida?" Wengi wakitaja jambo moja, kama taarifa ileile kujazwa kwenye fomu za ofisi tatu, hiyo si mada ya warsha. Ipelekwe kwa uongozi irekebishwe. Warsha nyingi za ustawi huharibikia hapa. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo mengine ya afya, linaeleza kuchoshwa na kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, wala halikuliweka hilo miongoni mwa magonjwa. Ukimfundisha mtu kuvuta pumzi huku mzigo uleule unamsubiri, ataona amebebeshwa yeye lawama, na mara ya pili haji.

Wakuu wa idara wapeni kipindi chao peke yao. Nani atasema amelemewa mbele ya anayemjazia tathmini? Asishurutishwe mtu kusimulia yake. Kisa cha kubuni kinatosha kuzungumzia.

Fomu ya kuridhika inayojazwa mlangoni hupima ukarimu wa washiriki tu. Waulizeni tena baada ya wiki sita: wamebadilisha nini, na nini kiliwazuia?

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Warsha huangukia saa za mafunzo kwa vitendo, nami nakosa kila mara. Niombeje?

JIBU: Kwa maandishi, kupitia msimamizi wako. Taja ujuzi unaoutaka, kwa mfano utunzaji wa hadubini au utupaji salama wa kemikali. Taja kazi itakayonufaika. Na taja nani atashika zamu yako. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na msimamizi hukataa kwa sababu hana wa kufungua maabara. Kama hakuna wa kukushikia, pendekeza kipindi kifanywe mara mbili, asubuhi na alasiri, mafundi mgawane nusu kwa nusu.