Mpe mama mkwe kitu cha kuogopa
Dada, umeuliza kwa nini wasomaji wanasema mama mkwe wa hadithi yako ni katili tu, hana uhai. Ni kwa sababu kila anapoingia anatukana, basi. Hebu mpe kitu anachokiogopa. Labda mwanawe ndiye anayemlipia kodi ya nyumba, na sasa ana mke wa kumsikiliza. Usitueleze hilo. Tuonyeshe akihesabu vipande vya nyama sufuriani kabla mkamwana hajapakua, kisha akimwekea mjukuu kipande kikubwa. Hapo nitamchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Na mazungumzo uyasome kwa sauti, tafadhali. Bibi wa Tanga hasemi kama kijana wa bodaboda wa Mbagala. Hata ukifuta majina, nimjue anayesema.