Crown Victoria ya polisi hapa Lubumbashi: soma saa kabla ya kusoma maili

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali ile Crown Victoria ya 2008, gari ya Ford iliyokuwa ya polisi Marekani, ambayo shemeji yako wa Texas anataka kukununulia mnadani na kuipakia kwenye kontena. Wengi watakuanzia na esansi. Mimi ninayo moja hapa Lubumbashi, ya 2007, na esansi nitaifikia, ila si pa kuanzia.

Anza na saa ambazo moteri imewaka. Gari ya doria haichoshwi na kilomita, inachoshwa na kusimama huku moteri inawaka. Polisi anaandika ripoti, anakula, kiyoyozi kinavuma, na mita ya maili imelala. Ford wenyewe walihesabu saa moja ya kusimama hivyo kuwa sawa na maili 33 za barabarani, karibu kilomita 53. Kuanzia 2006 gari hizi zina kihesabu cha saa za moteri palepale kwenye dashibodi. Mwambie shemeji akipige picha pamoja na maili, kisha wewe gawanya maili kwa saa. Yangu ilikuja na maili 112,000 na saa 7,400, yaani maili 15 kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli! Ukipata inayokaribia 30, jua ilikuwa ya barabara kuu, usiiachie.

Uzuri wake si maneno ya wauzaji. Bodi imekaa juu ya chasi kamili, springi na amortisere ni ngumu kuliko za Crown Victoria ya raia, na oili ya moteri na ya bwate ya vitesi ina vipoza vyake. Mashimo ya Katuba na Ruashi inayapita bila kulalamika. Sakafu ni ya mpira, hakuna zulia, kwa hiyo vumbi la kiangazi unalitoa kwa ndoo moja ya maji. Usukani uko kushoto, kama barabara zetu zinavyotaka. Masika ndiyo yanaionea: inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina karibu tani mbili, na kwenye matope mkia unatangulia.

Sasa umeme, hapo ndipo pesa yangu ilipoingia. Wanapong'oa king'ora, redio na taa za juu, hawafungui, wanakata. Yangu ilikuwa inaamka bateri imekufa. Fundi wa umeme wa Kamalondo alitoa waya hasi ya bateri, akaunganisha taa ndogo katikati, halafu akawa anachomoa fyuzi moja moja huku mimi nikiangalia ile taa. Ilizimika alipofika kwenye laini moja iliyoshuka chini ya kiti cha abiria, na mwisho wake ulikuwa shaba tupu inayogusa chuma. Mvua nayo iliingilia kwenye tundu la antena juu ya paa na pale ilipokuwa imefungwa kurunzi kubwa, upande wa dereva. Ziba vyote kabla ya Novemba.

Milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, ni kazi ya kurudisha fimbo ya kitasa cha ndani tu, usitishwe. Ufunguo ni jambo zito zaidi: idara nyingi ziliagiza gari zote zenye ufunguo mmoja, kwa hiyo badilisha kitasa na swichi. Halafu ingia chini uangalie tenki. Liko nyuma ya ekseli, na baada ya magari kadhaa kuwaka moto yalipogongwa nyuma kwa kasi, Ford ilianza mwaka 2002 kuweka ngao za plastiki. Hakikisha bado zipo.

Esansi: V8 ya lita 4.6, mjini yangu inakula lita 16 hadi 18 kwa kilomita 100. Kama unawaza taksi, achana nayo, Corolla itakucheka. Kama ni ya familia na safari za Likasi, unaweza kuvumilia.

Kinachoumiza kweli ni piesi. Za Toyota unazikuta kila kona, za hii unamsubiri mtu anayesafiri. Ilitengenezwa mpaka 2011, na Lincoln Town Car na Mercury Grand Marquis zina vyuma vingi sawa nayo, kwa hiyo huko Texas piesi ni rahisi na nyingi, hata za mitumba. Mwambie shemeji ajaze buti kabla kontena halijafungwa: koili za plagi zote nane (kila silinda ina yake, na hufa kwa zamu), plagi, pampu ya maji, pampu ya esansi, mkanda, pedi za breki za mbele na nyuma. Kurunzi na taa za juu zibaki hukohuko, usije ukaanza kujieleza kwa duane pale mpakani Kasumbalesa.