Kabla hujauza msumeno wako wa meza

Ndugu fundi, unasema msumeno wako unaunguza mbao ngumu na mota inakaribia kuzima, hivyo unataka kuuuza ununue wenye nguvu zaidi. Subiri kidogo. Mimi niliuza wangu kwa sababu hiyohiyo, na mpya nao ukaunguza. Kosa lilikuwa disiki, lile duara la chuma lenye meno linalokata!

Chomoa plagi, toa disiki, itazame meno kwenye mwanga. Ukiona utomvu mweusi umeganda, ioshe. Meno yakiwa butu, ipeleke ikanolewe. Kupasua kwa urefu kunataka meno machache, kama 24. Yenye 60 ni ya kukata kwa kukingama. Hakikisha pia kizuizi cha pembeni kinachoongoza mbao kiko sambamba na disiki, mbele na nyuma. Na waya wa kurefushia umeme ukiwa mrefu na mwembamba, mota hulemewa bure.

Bado unashindwa? Nunua, ila usichukue usio na kile kisu cha nyuma ya disiki kinachozuia mbao isiibane na kukurukia. Ukichagua wenye mota ya nguvu za farasi 3, mwite kwanza fundi umeme akague nyaya. Hela ikibaki, weka mashine ya kunyonya vumbi. Vumbi la mbao husababisha saratani ya pua.